Geti la Kiingereza kati ya Handeni na Korogwe

Tangazo la kazi likibandikwa kwenye ubao wa halmashauri, iwe Handeni au Korogwe mkoani Tanga, mara nyingi huwa la Kiswahili. Nafasi: Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Majukumu: kuwa mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji, kusimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao, kuwa katibu wa vikao vya halmashauri ya kijiji. Chini kabisa mwombaji anaambiwa barua yake anaweza kuiandika kwa Kiswahili au Kiingereza, apendavyo. Msomaji wa haraka atasema hapa Kiingereza hakina kazi. Arudi kwenye kipengele cha sifa: cheti cha kidato cha nne au cha sita, kisha mafunzo ya utawala, sheria, maendeleo ya jamii au fani nyingine ya namna hiyo kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Sentensi hiyo moja imebeba miaka isiyopungua minne ya kusoma na kufanya mitihani kwa Kiingereza.

Akishaajiriwa, kijana huyo anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukihitaji. Muhtasari wa kikao, barua ya kumwita mfugaji ambaye ng'ombe wake wamelishia shamba la mahindi, taarifa ya robo mwaka ya mapato na matumizi, mkutano mkuu wa kijiji chini ya mwembe: vyote ni Kiswahili, na Kizigua kidogo pale mzee mmoja anapokasirika. Kwa sehemu kubwa ya ajira zinazopatikana katika wilaya hizi mbili, Kiingereza kinafanya kazi ya geti la ushuru wa mazao. Hakuna anayelihitaji geti lile ili mahindi yaote wala yasagwe, lakini gunia lisipolipita halifiki sokoni.

Ninaanzia hapo kwa sababu mjadala wetu wa lugha na fursa huwa unaruka hatua. Upande mmoja unasema Kiingereza ni lugha ya dunia, asiyekijua ameachwa. Upande wa pili unakuja na Wajapani na Wachina walioendelea kwa lugha zao, hoja ambayo sasa imezoeleka kiasi kwamba hata anayeitoa haisikilizi. Wote wanaizungumzia dunia. Mzazi wa Mkata au Mombo anazungumzia mtihani wa kidato cha pili.

Na mtihani wenyewe unapima nini? Chukua somo la Uraia, ambalo kwa miongo kadhaa limetahiniwa kwa Kiingereza. Sehemu yake moja inahusu serikali za mitaa: kitongoji, kijiji na kata, nani anamchagua nani, mkutano mkuu wa kijiji una mamlaka gani. Mtoto wa Kwamsisi au Mazinde amekulia ndani ya mambo hayo. Amemwona baba yake akinyoosha mkono kupinga ugawaji wa shamba la kijiji, na amemsikia mwenyekiti wa kitongoji akipita kuwaita watu kikaoni. Muulize kwa Kiswahili, atakueleza mpaka ugomvi wa mwaka juzi na namna ulivyoisha. Kwenye karatasi anatakiwa ataje na kueleza kazi za mkutano huohuo kwa Kiingereza. Hapo anaandika sentensi aliyoikariri, au ananakili swali lenyewe likawa ndilo jibu. Msahihishaji hana njia ya kujua kama aliye mbele yake haijui serikali ya kijiji au hajui Kiingereza. Anaweka mkasi, anafungua ukurasa unaofuata. Miaka michache baadaye halmashauri inatafuta mtu wa kuendesha kikao cha kijiji kwa Kiswahili, na yule aliyeshindwa kukieleza kwa Kiingereza hana sifa ya kuomba.

Mtaala mpya umelegeza kidogo hapo kwa kuleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Hesabu, biolojia, kemia, fizikia na jiografia zimebaki zilipokuwa.

Ili uelewe kinachotokea, ni vizuri kukaa nyuma ya darasa. Mwalimu wa biolojia wa kidato cha kwanza anaandika ubaoni fasili ya usanisinuru kwa Kiingereza, anaisoma, anauliza kama wote wako pamoja, na darasa zima linaitikia kwa sauti moja kwamba ndiyo. Kisha anashusha sauti na kuhamia Kiswahili: mmea unatumia mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa kujitengenezea chakula. Vichwa vinainuka. Mmoja anauliza mbona kuna mimea inaota chini ya miti mikubwa mahali ambapo jua halifiki. Mwingine anabisha kwamba jua linafika, ila kwa vipande. Kwa dakika tano hivi kuna somo la biolojia. Baadaye notisi zinarejea kwa Kiingereza, madaftari yanajazwa, kengele inagongwa. Kitakachoulizwa kwenye mtihani ni kile kilichoandikwa ubaoni. Zile dakika tano hazina pa kuandikwa.

Mwalimu huyo anavunja utaratibu kila anapogeukia Kiswahili, na asipokigeukia hafundishi. Watafiti wamelieleza jambo hili mara nyingi. Halima Mwinsheikhe alichunguza ufundishaji wa sayansi katika sekondari zetu na kuonyesha kizuizi ambacho lugha inaweka kati ya mwanafunzi na somo. Mradi wa LOITASA, uliowakusanya watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway kuanzia mwaka 2002, ulifundisha mada zilezile kwa madarasa ya Kiswahili na ya Kiingereza na kulinganisha. Palipotumika Kiswahili wanafunzi waliuliza, walibishana na walielewa zaidi. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelisema kwa miaka mingi jambo ambalo kila mwalimu wa Kiingereza analijua: kumfundisha mtu Kiingereza ni kazi moja, na kumfundisha kemia kwa Kiingereza asichokijua ni kazi nyingine, na hii ya pili haizai ile ya kwanza.

Mtoto anafikaje sekondari bila Kiingereza, wakati shule ya msingi amekisoma kwa miaka kadhaa? Anakisoma kama somo, darasani mna watoto wengi, mwalimu wake naye alipita njia hiyohiyo, na nje ya darasa hakuna anayekizungumza. Tathmini za mpango wa Uwezo zilizofanyika kuanzia mwaka 2010 zilikuta takribani nusu ya waliokuwa wakimaliza msingi hawawezi kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili. Kidato cha kwanza kuna kozi ya awali ya lugha ya wiki chache, ambayo inatarajiwa kufanya kile ambacho miaka ya shule ya msingi haikufanya.

Kwa muda mrefu tatizo hili halikuonekana kwa sababu sekondari zilikuwa chache na zilipokea watoto wachache waliochujwa mno. Ndipo ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004, na kila kata ikajenga shule. Kutoka chini ya 1,500, sekondari zilipita 4,000 kufikia mwaka 2010. Vijiji vya Handeni ambavyo havikuwahi kuwa na sekondari viliipata kwa nguvu za wananchi, mawe na mchanga vikibebwa kichwani. Kilichofuata ni matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa wote nchini wakapata sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume, madaraja yakapangwa upya, ikazungumzwa habari ya maabara, vitabu na ari ya walimu. Yote hayo yalikuwa na ukweli wake. Lakini mtoto aliyeshindwa kuelewa swali angelishindwa hata kama mbele yake pangekuwa na maabara mpya.

Haikuwa lazima tufike hapa. Eneo hili lenyewe lilikwisha kuona utaratibu mwingine. Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, waliotoka humo wakawa makarani, walimu na maakida kwa lugha ya Kiswahili. Gazeti la Kiongozi lilichapwa hukohuko Tanga kwa Kiswahili kuanzia miaka ya mwanzo ya 1900, wakati huohuo ambao reli ilikuwa imefika Korogwe, mwaka 1902. Wale hawakuwa wakitupenda. Walitaka utawala wa bei nafuu. Hata hivyo kijana wa Kibondei au Kizigua aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili aliweza kushika kalamu ya serikali. Waingereza ndio walioweka Kiingereza juu ya ngazi, na sisi baada ya uhuru tukaihamisha ngazi nzima bila kugusa kipande cha juu.

Tulijaribu, tena zaidi ya mara moja. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 shule za msingi zilihamia Kiswahili, na nia ilikuwa sekondari zifuate. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, kisha vyuo vikuu. Serikali ikakataa. Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, ndiye aliyekiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, akitaka kibaki. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, kwa fedha za Uingereza, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kiko chini kiasi kwamba wengi hawakuweza kukitumia kusomea. Kisha wakashauri kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Sera ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili ngazi zote. Mlango ukabaki wazi, hakuna aliyepita. Toleo la mwaka 2023, lililozinduliwa Dodoma mwaka 2025, limekiacha Kiingereza sekondari.

Wakati serikali ikisitasita, wenye uwezo walishaamua. Alfajiri, mjini Korogwe, gari la njano la ingilishi midiamu linapita kukusanya watoto waliovaa soksi nyeupe. Wengine wanatembea kwenda Kayumba, jina la utani la shule za serikali ambalo halihitaji kufafanuliwa. Ni rahisi kumcheka mzazi anayeuza mbuzi ili mtoto wa miaka minne ajifunze kuimba kwa Kiingereza. Mimi simcheki. Amelitazama geti, amehesabu nani wanapita, na amegundua kuwa mtoto aliyesomea Kiingereza tangu chekechea hatakwama kidato cha kwanza. Kwa mfanyakazi wa benki au daktari, ada hiyo ni mzigo unaobebeka. Kwa mkulima wa Handeni, wilaya yenye sifa ya ukame, ambaye mvua za vuli zikikataa hana gunia la kuuza, haibebeki. Mtihani ni uleule kwa watoto wote wawili, na cheti hakiandiki nani alifundishwa swali na nani alilikuta.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo Kiingereza ni chombo kweli. Korogwe inao mfano ambao wilaya chache duniani zinao. Kituo cha utafiti kilicho chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kilikuwa kimoja kati ya 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyofanya majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Tanzania ilikuwa na viwili, Korogwe na Bagamoyo. Katika vituo vyote waliandikishwa watoto zaidi ya 15,000. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine, ya mwisho mwaka 2015 katika The Lancet, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika.

Ifuate lugha ndani ya kazi hiyo. Mama anafika na mtoto mgongoni. Anasomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, anaruhusiwa kuuliza, na asiyejua kuandika anaweka dole gumba mbele ya shahidi. Mhudumu anayemfuatilia kijijini anauliza kwa Kiswahili: mtoto amechemka usiku, amekunywa dawa gani, analala kwenye chandarua? Majibu yanaingizwa kwenye fomu za Kiingereza. Maabara, mtaalamu anayesoma damu kwa darubini anaandika kwa Kiingereza na kuzungumza na mwenzake kwa Kiswahili. Ofisini, mkutano na wafadhili ni Kiingereza. Kwenye jarida, Kiingereza peke yake. Kila hatua unayopanda, Kiswahili kinapungua na mshahara unaongezeka. Mama aliye chini ndiye mwenye mtoto aliyechanjwa, na ndiye asiyeweza kusoma kilichoandikwa juu ya mtoto huyo.

Nani atasema mtafiti wa Korogwe hakihitaji Kiingereza? Bila hicho asingebishana na wenzake wa Ghana, Msumbiji na Marekani, wala kazi yake isingefika Geneva. Watu wa namna hiyo tunawahitaji wengi, wenye Kiingereza kizuri sana. Lakini wapi wanapatikana? Wanatoka katika mamia ya watoto walioelewa biolojia kwanza. Tukiwapoteza wenye akili ya sayansi kwenye kidato cha pili kwa sababu ya vitenzi, tunapunguza hata idadi ya wale ambao baadaye wangejifunza Kiingereza cha kuandikia majarida. Hilo ndilo linalonishinda katika hoja ya walinda Kiingereza: wanadai wanalinda njia ya kwenda maabara, na njia hiyohiyo ndiyo inayofungwa.

Upande mwingine, tazama kilichoingia wilaya hizi bila Kiingereza. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 ilikuja na menyu ya Kiswahili. Bonyeza namba, chagua kutuma pesa, ingiza namba ya simu, ingiza kiasi, ingiza namba ya siri. Mama lishe wa stendi ya Segera, dereva wa bodaboda wa Chanika na mzee anayetumiwa fedha na mwanawe aliye Dar es Salaam waliingia kwenye mfumo wa fedha ambao benki zilishindwa kuwafikishia kwa miaka mingi. Hakuna aliyewapeleka kozi ya lugha. Fikiria menyu ile ingekuwa ya Kiingereza: leo tungekuwa na ripoti zinazosema watu wa vijijini hawana mwamko wa teknolojia.

Mfano mwingine uko Handeni yenyewe na haujulikani inavyostahili. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walijikuta utumwani kwenye bonde la mto Juba, Somalia, na wajukuu wao wakaendelea kuzungumza Kizigua huko. Vita vya mwaka 1991 viliwakimbiza. Baadhi walirudi nchi ya mababu, wakahifadhiwa Mkuyu na baadaye Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Wengine, pamoja na Wabantu wenzao wa Somalia, walipitia kambi za Kenya, na takribani 12,000 wakahamishiwa Marekani kuanzia mwaka 2003. Aliyefika Marekani ilibidi ajifunze Kiingereza upesi, maana bosi, daktari wa mtoto na mwenye nyumba wote wanazungumza hicho. Aliyefika Chogo akiwa na Kizigua na Kiswahili alikuwa na lugha ya soko, ya zahanati na ya kikao cha kijiji. Fursa ilimfuata kila mmoja kwa lugha inayoishi mahali alipo. Mtoto wa yule wa Chogo anapoingia kidato cha kwanza, anaanza upya kwa lugha isiyoishi hapo.

Mahakama zimeonyesha kwamba geti linaweza kusogezwa. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote, wakati awali kilitumika kwa uhakika katika mahakama za mwanzo tu. Mawakili wengi waliguna, na utekelezaji una mapengo, kwani hukumu nyingi za zamani bado zinasomwa kwa Kiingereza. Lakini mkulima wa Handeni mwenye kesi ya ardhi anayo haki kisheria ya kuelewa anachosomewa.

Shuleni hatua ndogo inayofanana na hiyo haihitaji sera mpya kubwa. Baraza la Mitihani tayari linatunga mtihani wa darasa la saba katika lugha mbili, toleo la Kiswahili kwa shule za serikali na la Kiingereza kwa ingilishi midiamu, maswali yakiwa yaleyale. Ujuzi wa kutunga, kulinganisha na kusahihisha matoleo mawili upo. Istilahi zipo pia: kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1990, na mengi yameongezeka tangu hapo. Karatasi za sayansi na jiografia za kidato cha pili na cha nne zinaweza kuchapwa kwa lugha zote mbili, mwanafunzi akajibu kwa anayoimudu, na Kiingereza kikabaki somo la lazima linalofundishwa na walimu waliosomea kukifundisha. Mwalimu wa Bungu au Kabuku asingelazimika tena kushusha sauti anapoeleza usanisinuru.

Pingamizi gumu litatoka kwa wazazi wenyewe, na nadhani wana haki ya kutilia shaka. Wanaona watoto wa wanaopanga sera wakipanda gari la njano. Ukiwaambia watoto wao wasome kwa Kiswahili, watasikia kwamba wanafungiwa nje huku wengine wakipitishwa. Kwa hiyo mabadiliko yanayoanza kwa kukiondoa Kiingereza yatakwama Handeni kabla hayajafika Dodoma. Yanayoanza kwenye karatasi ya mtihani, Kiingereza kikiwa palepale kando ya Kiswahili, humpa mzazi kitu anachoweza kukikagua mwenyewe: alama za mwanawe kwenye biolojia, mwaka huu na mwaka ujao.